Khalistan: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Wasikh wanaotaka kujitenga na India

Tarehe 18 Septemba 2023 Waziri Mkuu wa Kanada wakati huo, Justin Trudeau, alisimama bungeni Ottawa akasema kuna tuhuma nzito kwamba maajenti wa serikali ya India walihusika kumuua raia wa Kanada ndani ya ardhi ya Kanada. Wengi wetu tulilisikia neno Khalistan siku hiyo kwa mara ya kwanza. Lakini kisa ni cha zamani, na anayekiokotea hapo katikati hataelewa kwa nini nchi mbili zilizokuwa zikielewana zilifukuziana mabalozi kwa ajili ya mtu mmoja, Hardeep Singh Nijjar, aliyepigwa risasi kwenye maegesho ya magari. Majibu haya yanaanzia kwenye mizizi.

Khalistan ni nchi gani?

Kwenye ramani ya dunia haipo. Ni jina la dola ambayo baadhi ya Wasikh wanataka iundwe, kitovu chake kikiwa jimbo la Punjab, kaskazini-magharibi mwa India. Jina linatokana na khalsa, yaani walio safi. Ndivyo inavyoitwa jumuiya ya Wasikh waliokula kiapo cha dini yao, iliyoanzishwa na Guru Gobind Singh mjini Anandpur mwaka 1699.

Wanaoidai hawajawahi kukubaliana mipaka. Wengine wanaishia Punjab ya India, wengine wanaongeza Haryana, Himachal Pradesh na vipande vya Rajasthan. Ila ramani zinazosambazwa sana siku hizi zina jambo moja la kushangaza: haziigusi Punjab ya upande wa Pakistan. Lahore, makao ya ufalme wa Wasikh, iko huko. Nankana Sahib, alikozaliwa mwasisi wa dini yao, iko huko pia. Kwa nini mtu anayedai ardhi ya mababu auache mji wa wafalme wake? Nitalijibu nikifika kwenye swali la Pakistan.

Wasikh ndio Makalasinga?

Ndio hao hao. Jina hilo la mitaani kwetu, yasemekana, lilitokana na Kala Singh, mmoja wa wafanyabiashara wa Kisikh wa mwanzo mjini Nairobi. Dini yao inajitegemea, si dhehebu la Kihindu wala la Kiislamu. Mwasisi ni Guru Nanak, aliyezaliwa 1469. Wakamfuata maguru wengine tisa, na baada ya wa kumi hakuna binadamu tena anayeitwa Guru: Guru ni kitabu chenyewe, Guru Granth Sahib. (Na si kila Singh ni Msikh. Wahindu wengi wa kaskazini wanalo jina hilo.)

Kuna hesabu moja ya kushika kabla ya kuendelea. Kwa sensa ya India ya 2011, Wasikh walikuwa milioni 20.8, asilimia 1.7 tu ya watu wa nchi nzima. Ndani ya Punjab walikuwa karibu asilimia 58. Watu walio wengi nyumbani kwao lakini wachache mno katika taifa lao huishi na hofu ya kumezwa, na siasa za Punjab zimejengwa juu ya hofu hiyo.

Waliwahi kujitawala?

Waliwahi. Ranjit Singh aliiteka Lahore mwaka 1799, akatawazwa maharaja mwaka 1801, na hadi anafariki mwaka 1839 ufalme wake ulikuwa umefika Peshawar na Kashmir. Waingereza waliumeza mwaka 1849 baada ya vita viwili. Wanaoitaka Khalistan hupenda kuutaja ufalme huo. Wangetaja pia kwamba Wasikh walikuwa wachache ndani yake, na kwamba mtu aliyemshughulikia Ranjit Singh mambo ya nje, Fakir Azizuddin, alikuwa Mwislamu.

Mwaka 1947 walipata nini?

Walipata mpaka uliopita katikati yao. Wakili Mwingereza, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kukanyaga India kabla ya hapo, alipewa kama wiki tano kuigawa Punjab na Bengal. Mstari wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya uhuru. Karibu Wasikh wote waliokuwa magharibi mwa mstari huo waliacha mashamba, nyumba na mahali pao patakatifu wakakimbilia mashariki, na Waislamu wa mashariki wakakimbilia magharibi. Waliochinjwa njiani, wa pande zote, ni mamia ya maelfu.

Wapo Wasikh waliozungumzia nchi yao wenyewe wakati huo. Viongozi wao waliamua kwenda na India, wakiamini wameahidiwa nafasi ya kujiendeshea mambo yao. Manung'uniko yaliyofuata yanarudi kwenye ahadi hiyo.

Kama waliichagua India, ugomvi ulianzia wapi?

Ulianza na lugha, ukaja kwenye maji, ndipo ukaingia kwenye dini.

Baada ya uhuru India iligawa majimbo yake kwa kufuata lugha. Wapunjabi walinyimwa kwa miaka mingi, kwa sababu Delhi iliona dai la lugha ni dai la dini lililovaa joho jingine. Punjab ya leo ilipatikana tarehe 1 Novemba 1966, baada ya maandamano na maelfu ya watu kufungwa, na Haryana ikakatwa kuwa jimbo lake. Chandigarh, mji uliojengwa upya kabisa kuchukua nafasi ya Lahore, ulifanywa mji mkuu wa majimbo yote mawili chini ya serikali kuu. Uko hivyo hadi leo.

Maji ndiyo mabaya zaidi. Punjab ndiyo iliyoilisha India ngano tangu mageuzi ya kilimo ya miaka ya 1960, na ngano na mpunga vinakunywa maji. Serikali kuu iliamua kiasi kikubwa cha maji ya mito ya Ravi, Beas na Sutlej kiende Haryana na Rajasthan. Mfereji wa kuunganisha Sutlej na Yamuna ulianza kuchimbwa mwaka 1982 na mpaka sasa haujakamilika, kwa sababu hakuna mwanasiasa wa Punjab anayeweza kuukubali akabaki na kura.

Mwaka 1973 chama cha Wasikh, Akali Dal, kilipitisha azimio la Anandpur Sahib. Kiini chake: Delhi ibaki na ulinzi, mambo ya nje, sarafu na mawasiliano, mengine yaachiwe majimbo. Humo hamna dai la nchi huru. Serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ililichukulia kama njama ya kuvunja taifa. Kwa maoni yangu kosa lililozaa mengine lilikuwa hapo. Dai la madaraka ya jimbo linaweza kujadiliwa mezani, na lilikataliwa. Waliokuwa wakijadili wakaonekana wajinga mbele ya vijana wao, na vijana wakaanza kumsikiliza mtu mwingine.

Mtu huyo ndiye Bhindranwale?

Ndiye. Jarnail Singh Bhindranwale alikuwa mhubiri, mkuu wa chuo cha dini cha Damdami Taksal. Alizunguka vijijini akiwahimiza vijana waache ulevi na dawa za kulevya, warudi kwenye dini. Tarehe 13 Aprili 1978 Wasikh 13 waliuawa Amritsar katika mapambano na kundi la Wanirankari, ambalo Wasikh wengi wanaliona limepotoka, na washtakiwa wakaachiwa huru na mahakama ya Haryana. Tangu hapo mahubiri yake yakawa makali, na watu wenye silaha wakamzunguka. Mauaji ya wapinzani, waandishi, polisi na Wahindu wa kawaida yakaenea. Watu walishushwa kwenye mabasi wakapigwa risasi kwa sababu tu ya dini yao.

Khalistan yenyewe hakuwahi kuidai waziwazi. Alikuwa akisema haitaki wala haikatai, ila jeshi likiivamia Darbar Sahib, hekalu kuu la Wasikh lililoko Amritsar, msingi wa Khalistan utakuwa umewekwa. Mwaka 1982 alihamia ndani ya uwanja wa hekalu hilo, na mwishoni mwa 1983 akaingia Akal Takht, jengo lenye mamlaka ya juu ya Usikh, akaligeuza ngome. Aliyepanga ngome hiyo alikuwa Shabeg Singh, jenerali wa zamani wa India aliyewafundisha wapiganaji wa Bangladesh mwaka 1971.

Juni 1984 kulitokea nini hasa?

Ukitaka kuelewa swali moja tu kati ya haya, elewa hili.

Darbar Sahib, ambayo wengine huiita Hekalu la Dhahabu, ndiyo moyo wa Usikh. Lina milango minne, kila upande mmoja, kuonyesha kwamba mtu yeyote anakaribishwa, na jiko lake hulisha maelfu kila siku bila kuuliza dini ya mlaji. Indira Gandhi aliamuru jeshi liingie. Amri ya kutotoka nje ilitangazwa Punjab yote, simu zikakatwa, waandishi wa kigeni wakaondolewa. Siku hizo zilikuwa za kumbukumbu ya kuuawa kwa Guru Arjan, kwa hiyo mahujaji walikuwa wamejaa humo na familia zao. Shambulio kuu lilikuwa usiku wa tarehe 5 kuamkia 6 Juni. Vifaru viliingizwa uwanjani vikaipiga Akal Takht mizinga mpaka ikabomoka. Bhindranwale na Shabeg Singh waliuawa. Maktaba yenye miswada ya kale iliteketea.

Serikali ilisema wanajeshi 83 walikufa, na upande wa pili karibu 500. Mashuhuda na watafiti wengi wanasema raia waliokufa ni wengi zaidi ya hapo. Hata Msikh aliyemchukia Bhindranwale alilia siku ile. Wanajeshi wa Kisikh katika baadhi ya vikosi waliasi. Mwaka 2014 nyaraka za Uingereza zilionyesha kwamba ofisa wa kikosi maalumu cha SAS alikwenda India Februari 1984 kutoa ushauri kuhusu kuwaondoa wapiganaji hekaluni. Serikali ya London ilisema ushauri wake haukuwa na athari kubwa. Kwa Wasikh wa Uingereza hilo halikuwa jibu.

Tarehe 31 Oktoba mwaka huo huo walinzi wawili wa Kisikh walimuua Indira Gandhi bustanini kwake. Kwa siku tatu makundi ya watu yalipita mitaa ya Delhi na orodha za nyumba za Wasikh mikononi. Wanaume walivishwa matairi wakachomwa moto. Wanawake walibakwa. Polisi walitazama, na mahali pengine walisaidia. Idadi rasmi kwa Delhi peke yake ni 2,733. Manmohan Singh, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kisikh, aliomba radhi bungeni mwaka 2005. Sajjan Kumar, mwanasiasa wa chama cha Congress, alihukumiwa kifungo cha maisha Desemba 2018, miaka 34 baadaye. Wajane wengi walikuwa wamekwisha kufa wakisubiri.

Mimi siamini kwamba Khalistan ingekuwa wazo la mtu mzima yeyote wa Toronto au Birmingham leo kama wauaji wa Novemba 1984 wangeshtakiwa Desemba 1984.

Na ile ndege ya Air India?

Tarehe 23 Juni 1985 ndege ya Air India namba 182, iliyotoka Kanada kuelekea London na India, ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland. Watu wote 329 walikufa, wengi wao raia wa Kanada wenye asili ya India, na watoto wengi. Siku hiyo hiyo bomu jingine lililipuka uwanja wa Narita, Japani, likaua wapakia mizigo wawili. Mabomu yote mawili yalitoka Vancouver, na anayetajwa kuwa mpangaji ni Talwinder Singh Parmar wa kundi la Babbar Khalsa, ambaye polisi wa Punjab walimuua mwaka 1992.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kutiwa hatiani, Inderjit Singh Reyat. Wengine wawili waliachiwa huru mwaka 2005. Shirika la ujasusi la Kanada lilikuwa limerekodi mazungumzo ya Parmar, kisha kanda nyingi zikafutwa. Tume iliyoripoti mwaka 2010 ilieleza mlolongo wa uzembe wa vyombo vya dola. India haijasahau. Delhi inapoiambia Ottawa kwamba inawalea magaidi, ina maiti 329 nyuma ya kauli hiyo. Na picha ya Parmar bado hubebwa katika baadhi ya maandamano ya Kanada kama shahidi wa dini. Hilo ni jambo la aibu, na wafuasi wa amani wa Khalistan wangepaswa kulikataa kwa sauti kubwa kuliko India yenyewe.

Vita vya Punjab viliishaje?

Viliisha kwa nguvu, na kwa watu kuchoka. Mkataba wa Julai 1985 kati ya Waziri Mkuu Rajiv Gandhi, mtoto wa Indira, na kiongozi wa Akali, Harchand Singh Longowal, ungeweza kuleta nafuu. Longowal aliuawa na wanamgambo kabla mwezi haujaisha, na Chandigarh aliyoahidiwa haikutolewa. Aprili 1986 Khalistan ilitangazwa kutoka Akal Takht. Kwa jumla zaidi ya watu 20,000 walikufa katika miaka hiyo, na wengi wa waliouawa na wanamgambo walikuwa Wasikh wenyewe.

Chini ya mkuu wa polisi K.P.S. Gill, serikali ilishinda kufikia 1993. Bei yake tunaijua kwa sababu ya Jaswant Singh Khalra. Alikuwa mfanyakazi wa benki aliyepekua madaftari ya mahali pa kuchomea maiti wilayani Amritsar, akahesabu kuni zilizonunuliwa, na kupata maiti kwa maelfu zilizochomwa na polisi kama watu wasiojulikana. Septemba 1995 polisi walimteka mbele ya nyumba yake wakamuua. Askari kadhaa walihukumiwa baadaye kwa kosa hilo. Tume ya haki za binadamu ya India ilithibitisha miili 2,097 katika mahali patatu tu pa kuchomea.

Pakistan inahusikaje?

Inahusika sana, ingawa haikuanzisha moto huo. Baada ya kuipoteza Bangladesh mwaka 1971, Pakistan ilitafuta jeraha la India la kutia chumvi, na Punjab ikawa moja. Shirika lake la kijasusi, ISI, liliwapa wanamgambo silaha, mafunzo na mahali pa kujificha. Ndege za abiria za India zilizotekwa zilipelekwa Lahore. Paramjit Singh Panjwar, kiongozi wa Khalistan Commando Force, aliishi Lahore miaka mingi, na ndiko alikopigwa risasi Mei 2023.

Sasa unaelewa ile ramani isiyo na Lahore. Nchi inayokupa hifadhi hutaidai mji wake.

Vilevile Pakistan ndiyo inayoshika mahali patakatifu ambapo Wasikh wa India hutamani kufika maisha yao yote. Tarehe 9 Novemba 2019, kwa miaka 550 ya kuzaliwa kwa Guru Nanak, ilifunguliwa njia ya Kartarpur, kilomita chache tu, ya mahujaji kuvuka mpaka bila visa. Wazee walilia kwa furaha. Baadhi ya maofisa wa usalama wa India waliiona njia ile ile kama mlango wa majasusi. Mei 2025, India ilipoishambulia Pakistan baada ya mauaji ya watalii Pahalgam, Kashmir, ilisimamisha safari hizo.

Kwa nini Kanada, kati ya nchi zote?

Kwa sensa ya 2021 Kanada ina Wasikh 771,790, asilimia 2.1 ya watu wake. Maana yake, kwa uwiano Wasikh ni wengi Kanada kuliko India. Wameishi huko zaidi ya miaka mia, na kwenye miji kama Brampton na Surrey kura zao zinaamua nani aende bungeni. Jagmeet Singh, aliyekuwa kiongozi wa chama cha NDP na aliyeibeba serikali ya Trudeau kwa kura zake bungeni, ni Msikh, na India ilimnyima visa mwaka 2013 kwa kudai haki za waliouawa 1984.

India inasema wanasiasa wa Kanada wanafumbia macho kwa ajili ya kura. Ni kweli kiasi. Kanada inasema sheria yake haimfungi mtu kwa kutaka nchi igawanyike. Hilo nalo ni kweli: Quebec imepiga kura ya kujitenga mara mbili, na waliopiga kura ya ndiyo walirudi nyumbani kulala. Ila kutaka nchi ni jambo moja, kumsifu muuaji hadharani ni jingine, na Kanada imechelewa mno kutenganisha hayo mawili.

Liko jambo jingine ambalo mtu wa Delhi hapendi kulisikia. Waliokimbia Punjab kati ya 1984 na 1995 walitua Vancouver, Toronto, London na California wakiwa na kumbukumbu ya ndugu aliyechukuliwa usiku na polisi. Punjab iliendelea na maisha. Walio mbali walibaki na siku ile ile waliyoondoka.

Hizo kura za maoni za Khalistan zina nguvu ya kisheria?

Hapana. Huandaliwa na kundi la Sikhs for Justice, linaloongozwa na wakili wa New York, Gurpatwant Singh Pannun, na zilianzia London Oktoba 2021. India ililipiga marufuku kundi hilo mwaka 2019 na kumtangaza Pannun gaidi mwaka 2020. Kwa kuwa Punjab yenyewe haipigi kura, matokeo yake ni picha za foleni ndefu na hasira ya Delhi, na nadhani hasira hiyo ndiyo inayotafutwa.

Hardeep Singh Nijjar alikuwa nani, na nini kimethibitishwa?

Alikuwa fundi bomba mzaliwa wa Punjab aliyehamia Kanada miaka ya 1990, akawa mwenyekiti wa gurdwara (nyumba ya ibada ya Wasikh) ya Guru Nanak mjini Surrey na mratibu wa kura hizo. India ilimwita gaidi, yeye alikana. Tarehe 18 Juni 2023 alipigwa risasi akiwa kwenye gari lake akitoka gurdwara. Mei 2024 polisi wa Kanada walikamata raia wanne wa India. Oktoba 2024 Kanada iliwafukuza wanadiplomasia sita wa India akiwemo balozi, na India ikafukuza sita wa Kanada siku hiyo hiyo. India inasema hayo yote ni upuuzi usio na ushahidi.

Marekani ilileta maelezo zaidi. Novemba 2023 waendesha mashtaka wa New York walimshtaki raia wa India, Nikhil Gupta, kwa kutaka kumkodisha mtu amuue Pannun kwa dola 100,000. Huyo muuaji wa kukodiwa alikuwa ofisa wa serikali ya Marekani aliyejifanya muuaji. Oktoba 2024 walimtaja Vikash Yadav, aliyekuwa mtumishi wa serikali ya India, kuwa ndiye aliyeagiza.

Tazama namna India ilivyojibu. Kanada ilijibiwa kwa kusimamishiwa visa na kutakiwa kuondoa wanadiplomasia 41. Marekani ilijibiwa kwa kamati ya uchunguzi, na Januari 2025 kamati hiyo ikapendekeza mtu mmoja achukuliwe hatua za kisheria. Tuhuma zilifanana, nguvu ya mlalamikaji ndiyo iliyotofautiana.

Kwa nini nchi za Magharibi hazikuibana India?

Kwa sababu ya China. Washington, London na Canberra zinaihitaji India kama uzito wa upande wa pili wa mizani barani Asia, zinahitaji soko lake, na hazitaki kuisukuma kwa Urusi. Balozi wa Marekani mjini Ottawa alithibitisha kwamba habari za kijasusi zinazoshirikiwa na nchi tano washirika, Kanada ikiwemo, zilichangia kauli ya Trudeau, lakini hakuna hata moja ya zile nyingine nne iliyoiadhibu India. Fikiria kelele ambazo zingepigwa kama aliyetuhumiwa angekuwa Iran. Nawaonea huruma Wasikh waliodhani uraia wa nchi tajiri ni kinga.

Wasikh wa Punjab wenyewe wanaitaka Khalistan?

Wengi hawaitaki. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa 2021 ulikuta asilimia 95 ya Wasikh wa India wakisema wanajivunia sana kuwa Wahindi kwa uraia. Wasiwasi wao wa kila siku ni madeni ya wakulima, maji ya chini ya ardhi yanayokauka, heroini inayoingia kutoka ng'ambo ya mpaka, na vijana wanaouza shamba ili wapate visa.

Hata hivyo mwaka 2024 mhubiri Amritpal Singh, aliyekuwa kizuizini Assam kwa tuhuma za kuchochea kujitenga, alishinda ubunge wa Khadoor Sahib kwa tofauti ya kura karibu 197,000. Faridkot walimchagua mtoto wa mmoja wa walinzi waliomuua Indira Gandhi. Sizisomi kura hizo kama kura za Khalistan. Ni kura za watu wanaotaka Delhi ijue kwamba hawajasahau.

Maandamano ya wakulima ya 2020 na 2021 yalikuwa ya Khalistan?

Hapana. Yalipinga sheria tatu za soko la mazao, na serikali ilizifuta mwishoni mwa 2021. Bendera iliyopandishwa Red Fort, ngome ya kale ya Delhi, tarehe 26 Januari 2021 ilikuwa Nishan Sahib, bendera ya dini inayopepea kwenye kila gurdwara, ya Makindu nchini Kenya ikiwemo. Kuwaita wakulima wale magaidi kuliwasaidia wanaotaka kujitenga kuliko hotuba yoyote ya Pannun.

Je, Wasikh wa Afrika Mashariki wamo?

Historia yao ni nyingine. Walianza kuja kwa wingi na ujenzi wa reli ya Uganda kuanzia 1896, wengi wakiwa maseremala, waashi na wahunzi, kabla mstari wa Radcliffe haujafikiriwa. Ukisimama Makindu, njia ya Mombasa na Nairobi, utapewa chai na chakula bila kuulizwa dini yako, kwa kanuni ile ile ya jiko la Amritsar. Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, ndiye aliyesimama Nairobi Aprili 1950 kudai uhuru kamili wa Afrika Mashariki, na Waingereza wakamfungia hadi 1961. Nchi aliyoidai ilikuwa hii yetu.

Baada ya sheria za uraia na biashara za Kenya mwishoni mwa miaka ya 1960 na amri ya Idi Amin ya 1972, wengi walihamia Uingereza. Walifika wakijua Kiingereza na taratibu za serikali, wakasaidia kujenga gurdwara za London na Birmingham. Miaka kumi na mbili baadaye habari za Juni 1984 ziliwakuta humo humo.

Hali ikoje baada ya Trudeau kuondoka?

Juni 2025 Mark Carney, aliyemrithi Trudeau, alimwalika Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, kwenye mkutano wa G7 huko Kananaskis, Wasikh wakaandamana, na viongozi hao wakakubaliana kurudisha mabalozi. Majina ya mabalozi wapya yalitangazwa Agosti. Kanada, ikibanwa na ushuru wa Marekani, ilihitaji masoko mapya. Kuelewana huko kulifikiwa kabla kesi ya washtakiwa wanne wa mauaji ya Nijjar haijatolewa hukumu.